Wangapi Walipoteza Sauti

Jumatatu, 3 Juni
Darasa la pili, watoto themanini na wawili. Sauti imekwaruza kabla ya saa nne. Rovu la shingoni limekua, kola ya blauzi haifungi. Vipimo vinasema si saratani, lakini lazima nipasuliwe, na upasuaji unaweza kugusa mshipa wa sauti. Bila sauti sina kazi.

Jumatano, 5 Juni
Hospitali binafsi, mjini. Ukutani cheti chenye nyota nne. Nikauliza mapokezi nyota ni za nini. Usafi, dawa, foleni. Za daktari je? Dada akacheka.

Jumamosi, 8 Juni
Nimeuliza kwenye kundi la WhatsApp la walimu. Majibu ishirini na sita. Huyu ana mkono mwepesi. Yule mcha Mungu. Kati ya waliojibu, hakuna hata mmoja aliyepasuliwa shingo. Mtandaoni mtu katoa nyota moja kwa kukosa pa kuegesha gari. Wifi yangu Sabina kapiga simu kutoka Misungwi: niende kwa bingwa aliyempasua kaka yake henia. Henia! Nimechoka kushauriwa.

Jumanne, 11 Juni
Nimekwenda kwa bingwa wa Sabina. Nikamuuliza: kati ya uliowapasua rovu, wangapi walipoteza sauti? Akavua miwani.
"Mama, umekuja kutibiwa au kunisahihisha?"
Nimetoka bila kuaga. Fundi cherehani namwambia anionyeshe alichoshona, ananionyesha. Shingo yangu nisiulizie?

Ijumaa, 14 Juni
Hospitali ya serikali. Daktari kijana, kwenye kundi hakuna aliyemtaja. Swali lilelile.
"Wawili, mwalimu. Mmoja sauti ilirudi baada ya miezi minne. Mwingine mpaka leo ananong'ona."
Kati ya wangapi? Hakukisia. Alifungua daftari lake, akahesabu. Arobaini na mmoja.
Naogopa kuliko jana. Nimesaini fomu ya upasuaji. Sabina anasema nimerogwa.

Alhamisi, 27 Juni
Nilipasuliwa juzi. Sauti ipo, ndogo, ya kukwaruza. Daktari anasema tusubiri, hakuahidi kitu.
Mama wa kitanda cha jirani naye ana rovu, wiki ijayo ni zamu yake kuchagua daktari wa kumpasua. Kaniuliza kama huyu daktari ni mzuri. Nilitaka kusema ndiyo. Lakini mimi ni shingo moja tu.
Nikamwambia, "Muulize wangapi."
Hakusikia. Akasogeza sikio. Nikarudia polepole.