Kikombe cha mvula ku bariyeri

Kasika, wacha yote, soma hii. Tumetoka ku bureau sasa ivi.

Unajua yaya Solange anapima mvula kila asubui hapa Musienene, juu ya ile recherche, ule uchunguzi wa mafuriko. Bakubwa ba bureau banasema ni mashamba yetu ya pembeni ya mutoni njo inaleta mafuriko, donc tuhame. Mvula ya jana njo ilikuwa jibu lake: kama ilijaza kikombe, basi ni mvula njo inaleta mafuriko, si mashamba.

Anafika leo asubui pa kupimia, kile kikombe chake kirefu hakuna. Kiko ku bariyeri basoda baliweka juu ya vita. Soda mumoja anakinyweya kasiksi, pombe ya ndizi. Kasiksi, Kasika.

"Maji yangu iko wapi?"

"Likambo te, hakuna shida, yaya, nilimwanga. Kilikuwa kimejaa mpaka mudomo, hata kinamwangika."

Akamukamata mukono. "Kama unaweza kunyweya mu kazi yangu, unaweza kuisemea."

Soda na bunduki yake, Kasika. Na akamufuata.

Ku bureau, mbele ya bakubwa bote, soda akasema: "Kilijaa mpaka mudomo." Mukubwa anauliza kama yeye ni mutu wa recherche.

"Hapana. Mimi njo nilimwanga."

Solange akasema: "Muandike ivyo. Hatuhami."