Stesheni Aliyosimama Baba

Kaka yangu,

Sisi wazima, na paa la jikoni limeacha kuvuja. Ile picha ya Baba kando ya reli, yenye tarehe uliyoondoka kwa treni, nilimpelekea stesheni masta mstaafu. Akalitazama tangi la maji lililo nyuma yake pichani, akasema, "Hapa si kwenu. Ni stesheni ya pili, na treni ile haikusimama hapo."

Nikamuuliza Baba. "Nilichelewa kufika stesheni ya kwetu, nikadandia lori nimuwahi kakako mbele. Nilipunga mkono, hakuniona. Mpiga picha wa pale ndiye aliyeniona."

Miaka yote umesema hakuja kukuaga, naye kwa kiburi hakujitetea. Sasa macho yake yanafifia, Kaka. Njoo kabla hajashindwa kuiona sura yako.

Ni mimi, mdogo wako