Kiti cha Kambi cha Mke Mwenzangu

Jumapili, 3 Agosti

"Una miaka arobaini, mwanangu, na bado unaahidi kama mtoto anayeomba peremende!" Nimemwambia hivyo hivyo, mbele ya binti yake, mbele ya fundi viatu wa jirani aliyekuja kuazima nyundo. Acha asikie. Na jirani acha asikie.

Amerudi. Mkewe alipofariki alitokomea kwenye kazi zake za ujenzi, akaniachia mtoto wa darasa la kwanza, kamasi mpaka mdomoni. Leo mtoto yuko darasa la sita, anafua nguo zake, ana skafu ya skauti shingoni — ndiyo baba katokea! Kaoa, kapanga nyumba ng'ambo ya soko, anataka mtoto akaishi naye. Kama mtu anayefuata mwavuli aliousahau kwa watu.

Kidete (jina nimempa mimi, kwa kusimama kwake) hakusema ndiyo wala hapana. Kamtazama baba yake. Akasema Jumamosi wanakwenda kambini, na kila skauti atakwenda na kiti chake cha mbao, kilichotengenezwa nyumbani, bila msumari hata mmoja. "Nitengenezee, Baba. Ukinitengenezea, nikirudi kambini nahamia kwako."

Baba mtu akajipiga kifua. "Kiti tu? Mimi si mtoto wa seremala?"

Mtoto wa seremala! Marehemu mume wangu alipokuwa akishika randa, huyu alikuwa akishika njia. Fundi viatu alicheka mpaka akaenda zake bila nyundo.

Jumatatu, 4 Agosti

Kaja asubuhi, Kidete yuko kwenye mazoezi ya skauti. Anataka vifaa vya baba yake. Nikamwonyesha sanduku chini ya kitanda. Msumeno, patasi, randa, vyote nimevipaka mafuta mimi. Hakuuliza nani kavipaka.

Kiti chenyewe si kitu. Mbao mbili. Ule mrefu ni wa mgongo, una tundu kwa chini. Ule mfupi ni wa kukalia, unachomekwa kwenye tundu, basi. Ukimaliza kukaa unauchomoa, unabeba kwapani.

Sasa niandike hili. Kwenye fremu ya mlango wa sebuleni kuna mistari ya penseli. Marehemu alikuwa akimsimamisha Kidete pale kila shule zikifungwa, anampima, anapiga mstari. Alipokufa miaka mitatu iliyopita mistari ikakoma. Mimi sina muda wa kupaka mlango penseli. Mstari wa juu kabisa leo unamfika mtoto begani.

Mwanangu kapiga magoti pale. Kafungua futi, kapima kutoka sakafuni mpaka mstari wa juu, kajiandikia kwenye kiganja. Anatabasamu peke yake! Mimi niko jikoni, nachambua mchele, namwona.

Angegeuka tu. Angesema, Mama, huu mstari ni wa lini? Lakini mwenye haraka haulizi. Na jana tu si alikaa na mtoto kwenye kochi moja, miguu ya mtoto mirefu imevuka meza? Alikuwa anamtazama nani?

Nimenyamaza. Mdomo ni wangu. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Asiyelea atapimaje?

Kaondoka na sanduku begani, anapiga mluzi.

Jumatano, 6 Agosti

Fundi viatu kapita kwa mwanangu kumpelekea kandambili. Anasema kamkuta uani, vumbi la mbao mpaka kwenye kope, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Patasi imemla. "Anajitahidi, mama. Mpaka mkewe anamcheka."

Nikamwambia ashone viatu, aache kushona watu.

Kidete kila jioni anachungulia dirishani. Nikamtania, "Mke mwenzangu, naona umepata mume mwingine, mimi na babu yako hatukutoshi." Kwa kawaida hunijibu, ana ulimi mkali huyo. Leo alicheka tu, akarudi dirishani.

Nikaenda kufua, ingawa nguo zilikuwa safi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kakileta, na sanduku la vifaa kalirudisha.

Ni kizuri! Sipendi kuandika lakini ni kizuri. Kingo kazizungusha, msasa kaupitisha mpaka mbao zinateleza kama sabuni. Tundu limekaa sawasawa, ubao unaingia, unalia *kak*, hautikisiki. Mkono wa baba yake kabisa. Huo mkono ulikuwa wapi siku zote?

Lakini mimi nimeishi na seremala. Jicho langu halihitaji futi. Kile ni kiti cha mtoto wa darasa la tatu.

Kidete hakuona. Alikikumbatia. Baba mtu akasema asikalie leo, vanishi haijakauka, asubiri kesho kwenye ukaguzi. Wamekaa ukumbini wawili, kila mmoja kashika ubao wake, wanachekeana. Mwanangu anamweleza habari za chumba chake kule, dirisha linaangalia bomba la maji. Mtoto anauliza, kitanda changu kiko upande gani?

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema chakula kinapoa.

Ijumaa, 8 Agosti

Karudi kabla ya saa kumi. Hakulia. Heri angelia.

Kiongozi wa skauti aliwapanga mstari, kila mtu na kiti chake, filimbi ikapigwa, wakakaa. Magoti ya Kidete yakampiga kidevuni. Mgongo wa kiti ulimwishia kiunoni, akaegemea hewa, akaenda chali, skafu usoni. Kikosi kizima kikaangua kicheko. Kuna mmoja akauliza, "Umemnyang'anya nani wa chekechea?"

Kakiweka kiti mlangoni, taratibu, kama mgeni. Halafu akasema, "Bibi, kwa Baba mimi ni mdogo kiasi hiki?"

Hapa ndipo nilipopataka tangu Jumapili. Nimepafika. Pana nini? Hapana kitu.

Nikasema mwanaume hajui kupima watoto, usiweke moyoni, hapa ndipo kwenu. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yalitoka yenyewe.

Hakunisikiliza. Alikuwa anaangalia fremu ya mlango. Akasimama pale wima, visigino ukutani, akaupapasa ule mstari begani kwake. Akachukua kile kiti, akakisimamisha chini ya mstari, akakitazama muda. Ana akili ya babu yake, hesabu haimpiti.

"Alipima hapa."

"Labda."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni unauona mlango, Bibi."

Nikageuka kupakua chakula. Mimi! Mimi nisiyekosa jibu hata kwa mkusanya kodi.

Akasema taratibu, haendi kambini. Haendi kwa baba yake. Na hapa pia hakai, atamwomba shangazi yake amchukue. Kaingia chumbani, kajifungia. Chakula chake kiko hapa, kimefunikwa, kina ukoko sasa.

Jumamosi, 9 Agosti, alfajiri imeshapambazuka

Lori la skauti linaondoka saa nne.

Mwanangu kaja kubeba mizigo, kavaa shati la pasi. Kakuta mlango wa chumba cha mtoto umefungwa na kiti kiko nje yake. Kachuchumaa, anaongea na kitasa. Mama nini, pole nini, Baba hakujua. Ndani kimya. Yeye ndiye anatoa machozi!

Nilimwacha kidogo. Halafu nikashindwa. Nimemwambia, "Nyanyuka. Ule mstari ni wa wakati baba yako yuko hai. Nilikuona unaupima, nikanyamaza. Nilitaka ushindwe."

Kanitazama kama patasi imempata tena. "Mama, kwa nini?"

"Kwa sababu unamchukua."

Fundi viatu kachungulia ukutani, kaona sura zetu, karudi ndani. Leo hata yeye hana mzaha.

Kuna kabati langu la vyombo, ubao wa juu ni mpana, mkavu, hauna fundo, unatosha kiti kipya. Vyombo nimeshavishusha sakafuni. Nimekuja kuandika haya mawili matatu kwa sababu msumeno haushikwi na mtu asiyetulia. Namwona mwanangu huko, bado amesimama tu, kama nguzo ya umeme.

Nampigia kelele toka hapa: Ng'oa ule ubao, usikate bado! Usikate hata kidogo! Gonga mlango, mwambie sote wawili tumekosa, mimi zaidi, na atoke akae juu ya ndoo umpime mwenyewe, goti mpaka chini, kiuno mpaka bega — na akikataa kutoka, kaa hapo hapo umsubiri, naja!