Baba Ameshindwa Tena

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hiyo shikamoo halafu nikakaa kidogo, kalamu mkononi, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Basi, niendelee tu.

Nyumba ipo. Kwenye lile jiwe kubwa nyuma ya jiko, jirani bado anakuja kuanika michembe yake ya viazi bila kuomba, kama ulivyomzoesha. Mdogo wangu Masanja amepata kibarua kule Nyakato, kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni, jioni anarudi ananuka plastiki. Mimi nimerudi kuishi hapa hapa Ilemela, chumba changu kile kile. Sikutaka wanaume wawili waachwe peke yao na jiko. Lakini sikuandikii habari za nyumba, Mama. Nakuandikia habari za Baba.

Tangu tukuzike, lile neno halikutajwa tena mezani. Ulikuwa mwalimu wa Kiingereza, na hata ulipostaafu hukukubali kukaa bila darasa, ukatufanya sisi darasa. Tukimaliza kula, kila mtu alete maana moja ya "run", na iwe imemtokea siku hiyo hiyo. Aliyekosa anaosha vyombo. Masanja akiwa na mafua alikuwa na raha, pua yake ilimtosha wiki nzima. Mimi siku moja nilileta kitenge changu kipya kilichochuja rangi na kuharibu shuka zako nyeupe. Badala ya kunigombeza ukasema, "Haya, hiyo nimeikubali, leo huoshi." Siku nyingine ilikuwa bomba lililoachwa wazi, au jirani anayegombea uenyekiti wa mtaa, au yule mama anayeendesha duka aliloachiwa na mumewe, au sukari kutuishia. Kwa Kiingereza vyote hivyo vinakimbia tu. Ulikuwa unacheka mpaka unafuta macho. "Maskini Waingereza," ulisema, "neno moja wanalituma kila mahali kama mtoto wa pekee. Sisi kamasi zinachuruzika, kitenge kinachuja, mtu anagombea, duka linaendeshwa. Kila kazi ina mwenyewe."

Ikifika zamu ya Baba, anakuna kichwa, anatazama dari. "Mimi Kizungu changu kiliishia shuleni, Mama Kabula. Sina." Halafu anakunja mikono ya shati na kubeba beseni. Kila jioni. Nilikuwa namwonea huruma. Kuna siku nilimnong'oneza jibu, akajifanya hakusikia, nami nikadhani ni yale masikio yaliyochoshwa na injini za meli. Hata Shangazi, akija kutoka Bujora, aliguna kumwona mdogo wake anasugua masufuria. "Mwanaume mzima?" Baba alimjibu kwamba ameshindwa mchezo na sheria ni sheria. Shangazi alicheka, akamwacha.

Sasa sikia kilichotokea msibani kwako. Wageni walipomaliza kula, Baba aliinuka, akakunja mikono ya shati, akashika beseni. Shangazi akamzuia kwa upole tu. "Kaa, mdogo wangu. Wanawake tupo." Baba akabaki amesimama katikati ya watu na beseni tupu mkononi. Mchezo ulikuwa haupo.

Siku hiyo hiyo mzee mmoja aliyefanya naye kazi melini alikuja kutupa pole mimi na Masanja. Akawa anatusimulia ujana wao, na katika kusimulia akasema Baba ndiye aliyekuwa anawasomea vitabu vya injini, vya Kiingereza vitupu, ukurasa kwa ukurasa, akiwatafsiria. Tukatazamana na Masanja. Mama, injini ikiunguruma, kwa Kiingereza ni lile lile neno letu. Baba alilisema kila asubuhi maisha yake yote ya kazi.

Ndipo nikakumbuka vidole vyako. Vile viungo vilivyovimba, na jinsi ulivyogeukia ukutani kufunga vifungo vya blauzi ili tusikuone unavyohangaika. Maji ya baridi yalikuumiza na hukusema. Nje ya mchezo hukuruhusu mtu aguse vyombo vyako, ulitufukuza jikoni eti tutakuvunjia vikombe. Na Baba angesema tu "mke wangu unaumwa, niachie," ungemwambia, "Sijafa bado." Lakini mtu aliyeshindwa mchezo utamzuiaje?

Nikajiuliza kama ulijua. Nimejiuliza sana, mpaka nikakumbuka kile kitambaa cha kukaushia vyombo. Ulikuwa unamuuliza Baba neno huku kitambaa kimeshakaa begani kwako. Hata hajajibu. Halafu mnaingia jikoni wawili, nasi tunasikia mnacheka huko. Mimi nilidhani unamcheka yeye.

Nimelia kwa hilo kuliko nilivyolia makaburini. Nakwambia ukweli.

Baada ya msiba Baba akaanza kula barazani peke yake, sahani inarudi nusu. Suruali zinamvuka. Nikaogopa, Mama, nikasema huyu naye ataondoka hivi hivi namwona. Juzi nikapika sato, nikamwambia leo tunakula mezani wote. Tulipomaliza nikajikaza, nikalitaja neno. Masanja akasema alikimbia kuwahi gari la kiwandani. Hiyo ni ya kitoto, ungeikataa, mimi nikaikubali. Mimi nikasema habari za bomba. Tukamgeukia Baba.

Hakukuna kichwa. Akasema injini. Akasema mto unaoingia ziwani. Akasema joto la mwili wako lilivyokuwa linapanda zile siku za mwisho. Kisha akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba muda ulituishia. Alisema polepole, akitazama sahani. Kisha akatuaga, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Alishinda, Mama. Vyombo akaviacha mezani. Hakuwa tena na mtu wa kushindwa kwa ajili yake.

Niliviosha mimi. Sijui kama vilitakata, maana nilikuwa sioni vizuri. Nikajilaumu kwamba nimefukua kitu ambacho kingeachwa kimelala, na nikaapa sitalitaja tena lile neno. Asubuhi Baba alinikuta nachemsha chai, akayatazama macho yangu yalivyovimba. Alichukua kikombe chake akatoka.

Jana jioni nilikuwa naanza kukusanya sahani. Baba akaweka mkono juu ya yake. "Neno hatujasema," akasema.

Masanja akatoa la kwake, nikatoa la kwangu, hata sikumbuki tulisema nini. Tukamsubiri. Baba akakuna kichwa. Akatazama dari, muda mrefu, kama kuna mtu anamwandikia huko juu.

"Mimi Kizungu changu kiliishia shuleni," akasema. "Sina."

Akakunja mikono ya shati, akabeba beseni. Mimi nikachukua kitambaa chako pale kwenye msumari, nikakiweka begani, nikamfuata. Yeye akaosha, mimi nikakausha. Hatukucheka, siwezi kukudanganya. Lakini alipomaliza sufuria aliniambia ugali wangu una madonge, tofauti na wako, na usiku ule sikumsikia akitembea tembea chumbani kama kila usiku tangu msiba.

Nakuahidi sitamwambia kwamba najua. Nitamuuliza kila jioni, kitambaa kikiwa begani, na nitasimama pale ulipokuwa unasimama.

Lala, Mama. Vyombo vimeoshwa. Baba ameshindwa tena.

Mwanao,
Kabula