Sasa Trela Ninaliendesha Mimi

Uwanja wa Matrela,
Laramie, Wyoming,
19 Juni 1984

Mwanangu mpendwa Lorna,

Hujambo mama? Curtis hajambo? Na wajukuu wangu Penny na Todd, wazima? Huko Alaska baridi imepungua au bado mnalala na soksi? Kifua cha Todd nakiwaza kila siku. Mpake dawa na mgongoni, siyo kifuani tu. Sisi wawili ni wazima kabisa. Nalisema hilo kwanza usije ukashtuka mbele.

Trela letu la kulala linapendeza, mapazia ya njano niliyoshona yametosha madirisha yote. Tangu tutoke Ohio baba yako alikuwa akiamka anapiga mluzi. Unajua miaka thelathini pale kwenye tanuri za vioo wimbo wake ni mmoja, kuiona bahari ya Pasifiki, na trela hili kalinunua kwa kiinua mgongo chake.

Sasa nikuambie jambo, ila usimgombeze. Njia nzima ya Iowa alikuwa akiniambia nimsomee vibao vya barabara. "Soma, mama, usije ukasinzia." Mimi darasa la tano sikulimaliza, basi nikafurahi, nikawa nasoma kwa sauti kama niko mbele ya mwalimu: punguza mwendo, daraja jembamba. Naye ananisifu. Kumbe mwanangu, alikuwa havioni!

Tulipofika Ogallala, kule Nebraska, akagonga nguzo ya geti la uwanja wa matrela, nyeupe pee, jua linawaka. Nikamwuliza, "Harlan, hukuiona?" Nikainua vidole. "Vingapi?"

"Acha mambo ya kitoto."

"Vingapi, Harlan?"

Akasema vinne. Vilikuwa viwili.

Daktari wa macho pale mjini alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Atapasuliwa na ataona, wala hakuna haraka, lakini mpaka hapo asiguse usukani. Baba yako akakaa kwenye ngazi ya trela, akasema tuliuze palepale turudi nyumbani kwa basi. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Mimi gari nimeendesha kwenda kanisani na dukani tu, trela sijalikokota hata hatua moja.

Jirani yetu pale uwanjani alikuwa mama mmoja mjane, Opal Haskins, anazunguka nchi na trela lake na paka wawili. Asubuhi akaja na kahawa. "Mikono unayo?" Nikasema ninayo. "Basi panda."

Na unajua watu wa viwanja hivi, mtu akianza kurudisha trela nyuma, wanaume wote wanatoa viti vya kukunja wakae watazame. Walitoka saba! Opal akanishikisha usukani kwa chini. "Unakotaka mkia uende, peleka mkono hukohuko." Mara ya kwanza trela likajikunja kama panzi. Ya pili nikapindua meza ya watu. Mzee mmoja wa kofia ya majani akapaza sauti, "Bibi, unaegesha au unalima?" Na baba yako huko nyuma anapunga mikono yote miwili kama anafukuza nyuki. Nikamfokea, "Harlan, toka hapo, mwenye macho ni mimi!"

Viti vyote vikaangua kicheko. Na yeye akacheka, mara ya kwanza tangu kwa daktari. Ya sita likaingia, limenyooka. Yule mzee akavua kofia. Nikashuka nikalia.

Nilijizoeza siku mbili, kisha juzi tukang'oa nanga. Maili arobaini kwa saa, sizidishi. Malori yananipigia honi, na upepo wa Wyoming unalisukuma trela utadhani una kisa nalo. Mikono ilinilowa jasho mpaka nikavaa glovu za bustani. Baba yako akasema, "Mama, kuna kobe katupita." Nikamwambia ashuke akampande huyo kobe.

Baadaye nikaona kimya. Kutazama, kalala, mdomo wazi, kofia magotini. Tangu tuoane sijawahi kumwona akilala garini. Nadhani yale macho yalimchosha, kuyakodoa njia nzima na kuogopa peke yake bila kuniambia. Nikapunguza mwendo nisimwamshe.

Najua utasema turudi. Usiseme, mwanangu. Nikiogopa nasimama pembeni, napumua, naendelea. Zimebaki kama maili elfu moja na mia moja mpaka Oregon, na kwa mwendo wangu huenda tukafika mwezi ujao. Jibu la barua hii litume posta ya Boise, kule Idaho, tutalipitia.

Msalimie Curtis, na wabusu Penny na Todd, mmoja mmoja wasigombane. Shangazi yako Verna, tulipomuaga Ohio, alisema niwasalimu nyote. Mungu awape afya na usingizi mwema, na awashike mkono kwenye barafu hiyo.

Ningeandika zaidi, lakini baba yako ameshakaa upande wa abiria, amefunga mkanda, anagonga mlango wa gari anaita: "Dereva! Tunaondoka au hatuondoki?"

Ni mimi mama yako, nikupendaye siku zote,
Edna