Lifti Niliyoisaini Bila Kuipima

Papa,

Miezi saba sasa tangu tukuzike. Koti lako la kazi nimelichukua mimi, mikono nimeikunja mara mbili. Wateja wa mtaa wa Saint-Josse bado wanakuulizia. Nikiwaambia umefariki wananipa pole, halafu wananitazama kama wanaojiuliza iwapo naiweza kazi ya kukagua lifti peke yangu.

Unakumbuka ile filamu uliyonionyesha siku yangu ya kwanza kazini? Waamerika wa zamani wanajaribu mtambo wa kuwaokoa wanaanga, chombo kiko juu ya roketi, ndani hamna mtu. Roketi ikaanza kuzunguka ovyo, ikavunjika vipande vipande angani. Nikasema wameshindwa. Ukacheka mpaka ukakohoa. Kumbe ile roketi ndogo ya kileleni ilikuwa imeshakichomoa chombo, kikashuka na miavuli yake, kizima. “Bon, unaona? Iende kwanza bila muntu.” Ulinionyesha tena na tena, hata tukiwa tunakula, nikachoka nayo. Nikakuita mzee wa maroketi. Nisamehe.

Wiki iliyopita msimamizi wa jengo moja alinihimiza nisaini tu cheti kwamba lifti ni salama, wazee wanasubiri. Nusura nikubali. Nikapakia vyuma vya uzani hata hivyo, kwa ukaidi tu, nikaishusha lifti bila mtu na kuzifyatua breki za dharura. Hazikushika. Ilipita ghorofa mbili kabla sijaisimamisha kwa mashine. Nikakataa kusaini, nikakumbuka lifti nyingine.

Maana kuna jambo sijamwambia mtu. Wiki ile uliyolazwa hospitali ya Woluwe, nilisaini lifti mbili bila kupakia chochote. Nilikuwa na haraka ya kuja kukuona. Sijitetei, ndivyo ilivyokuwa.

Ya kwanza nimeirudia jana. Imeshika. Ya pili ni ya jengo letu, Papa. Maman ameipanda kila siku, hata siku tuliyokuzika.

Leo nimeifunga. Amepanda ngazi hadi ghorofa ya nne na mifuko yake, amenuna, magoti yanamuuma, anadhani ni matengenezo ya kawaida. Kesho asubuhi napakia vyuma. Ishike isishike, nitakaa naye mezani nimweleze nilichofanya. Na sitasaini tena nisichokipima, nakuahidi.

Pumzika, Papa. Mimi naogopa, lakini nakwenda.

Mwanao,
Odette