Majani ya Mzee Celestin

Nsemulwa, Mpanda
Julai 14

Kwa dada yangu Rozalia,

Nakusalimu wewe, shemeji Damiano na watoto wote hapo Usevya. Natumaini mpunga umeshaingia ndani na mgongo wako sasa unapumzika. Sisi huku ni wazima. Methusela anaendelea na useremala wake, na mama mkwe, ambaye nyumba nzima tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma chao, ana nguvu kunishinda mimi. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako wanaisikiliza wote, na haya nataka uyapate wewe kwanza.

Nianze na yale ya kufurahisha. Yule sungura jike uliyenipa siku ya harusi ameshakuwa bibi. Banda Methusela amelipanua, na chini yake wanakaa simbilisi, vile vinyama vinavyofanana na panya mnene asiye na mkia, ambavyo Mayu aliletewa na mdogo wake kutoka Mbeya. Unakumbuka ulivyocheka kusikia mama aliyekulia kwenye ng'ombe anafuga sungura? Ungemwona sasa. Anawaita kwa rangi zao kama alivyokuwa akiwaita ng'ombe wa marehemu baba mkwe, na jioni hafungi banda mpaka amehakikisha wote wamo. Alipohamia hapa mjini, ng'ombe wameisha na mume hayupo, alikuwa anashinda mlangoni akiangalia barabara. Wanyama hawa ndio waliomtoa pale.

Aliyetufundisha kuwalisha ni mzee Celestin. Amekulia Mishamo, kule kwenye makazi ya waliokimbia Burundi, na sasa analima mboga bondeni, nje kidogo ya mji. Alikuwa anapita na baiskeli, amefunga matawi nyuma, anatuachia mzigo na kuondoka na samadi ya banda kwa ajili ya bustani yake. Ni yeye aliyenieleza kwamba meno ya sungura hayaachi kukua, kwa hiyo tawi lenye gamba la kuguguna linamfaa kuliko majani matupu. Mforosadi na mpera niwape bila wasiwasi. Nisikate mti uliopigwa dawa, wala ule wa kando ya barabara unaokula moshi. Jani geni nimpe mmoja kwanza, kidogo, nisubiri mpaka kesho yake. Halafu akanitajia miti ya kukataa kabisa, nami nikaitikia.

Habari ya Novemba unaijua, maana nilikupigia nikilia. Asubuhi tulikuta sungura sita wamekufa, na simbilisi watatu hawainuki. Mayu alikaa chini mbele ya banda akawalaza mmoja mmoja juu ya gunia. Methusela akauliza ni nani anayeleta majani hapa, na jina lilikuwa moja tu. Mzee alipofika na mzigo wake, Methusela alimzuia mlangoni. Majirani nao wakajaa, wakasema yao, mengine ya kuwatukana watu wote wa Mishamo. Mzee aliomba alione banda. Aliinama, akatazama ndani kwa muda, kisha akanitazama mimi. Akampa Mayu pole, akageuza baiskeli, akaondoka na matawi yake. Hakujitetea hata kwa neno moja, na watu wakasema kunyamaza kwake ndiko kukiri.

Dada, ndivyo nilivyokusimulia, na sikukudanganya kwa niliyoyasema. Nilikudanganya kwa niliyoyaacha.

Siku moja kabla, matawi yalituishia na mvua ilikuwa inanyesha. Jirani alikuwa amepunguza mparachichi wake uliogusa nyaya za umeme, na matawi yamelala pale pale kwenye uzio wetu, mabichi, mazuri. Niliyazoa nikawatupia. Mzee alikuwa amenikataza mparachichi kwa jina lake. Sikusahau. Nilijiambia anatutisha tu ili tuendelee kumtegemea yeye na yeye aendelee kupata samadi. Asubuhi ile, kabla Mayu hajatoka, nilifagia majani yaliyobaki nikayafukia. Nilikuwa na miezi minne tu katika nyumba hii. Niliogopa kurudishwa kwetu.

Nilinyamaza hivyo hadi mwezi uliopita. Mzee hakuja tena, kwa hiyo Mayu alikuwa anakwenda mwenyewe hadi bondeni kutafuta mforosadi, na goti lake linavyomsumbua unajua. Siku moja jirani akakata tena ule mti. Nikamwona Mayu anaingia uani amekumbatia matawi ya mparachichi, anacheka kwamba leo miguu imepona safari. Nilimnyang'anya, Dada. Nilimnyang'anya mkwe wangu kitu mkononi kama mtoto. Akaniuliza nina nini, na nikamwambia yote nikiwa nimesimama pale pale.

Hakunipigia kelele. Aliuliza tu, "Basi yule mzee tumemfanyia nini?" Akaingia ndani. Siku tatu hakunisemesha, na Methusela alinisemesha maneno ambayo nilistahili. Siku ya nne Mayu akanipa kanga yake nzuri, akasema nijifunge, tunakwenda soko la Kashaulili.

Mzee Celestin alikuwa sokoni anapanga mchicha wake. Nilipiga magoti mbele ya watu nikamwambia. Alinishika mkono akaniinua. Akasema, "Vijiti vya mparachichi niliviona siku ile, binti yangu. Na wewe nilikuona unavyotetemeka. Nikaona mimi nina kwangu pa kurudi."

Nililia hadi wateja wake wakaondoka. Mayu alimwomba radhi kwa niaba ya nyumba, kisha akamwambia, kama anayeamuru, kwamba kesho yake anamtegemea aje na matawi ya mpera. Na alikuja. Methusela alimpokea baiskeli mwenyewe. Jumapili iliyofuata Methusela alinipeleka kwa wale majirani wote, mlango kwa mlango, nikasema kwa mdomo wangu. Wawili walicheka, mmoja alinifungia mlango. Lakini usiku huo nililala usingizi ambao sijaupata toka niolewe.

Sasa tunaishi vizuri. Mayu ananituma na kunigombeza kama zamani, na ninafurahi. Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulifikia mwenyewe. Najua ulimsimulia mama, na mama alisimulia kanisani, kwamba kuna mzee wa Mishamo alituulia mifugo. Naomba uwaambie ni mimi. Taja jina langu, usilifiche.

Msalimie mama, mwambie nitakuja baada ya mavuno ya karanga, nikae naye hata wiki. Wabusu watoto. Mayu anakusalimu sana, na Methusela pia. Mungu awalinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako,
Marsela